Mvua ya Mama Ndaki

Segese, 6 Oktoba

Mama yangu, shikamoo.

Mimi mzima. Kifua tu kinanisumbua kwa vumbi la karasha, hizi mashine za kusagia mawe, lakini hapa tunakohoa wote, kwa hiyo usianze kunisalia rozari peke yangu. Jumapili nilipiga simu, akapokea Boaz. Akaita "Mama Ndakiii!" na nikasikia watu wote waliokuwa pale wakiuliza kuna nini. Mtandao wa kijiji kizima uko juu ya kichuguu kimoja, nyuma ya duka lake, na ukitaka kusikika lazima upige kelele. Mambo ya nyumbani hayaongelewi hivyo. Luka anapita huko na Fuso lake kila anapofuata kuku, basi atakuwa anatubebea karatasi.

Mama, duara letu, hili shimo la dhahabu, linaleta matumaini. Mimi, Donatus na wenzetu tumeshuka mpaka kwenye mwamba ambao hata wakongwe wa hapa wanauangalia kwa wivu. Tatizo ni udongo wa juu, mlaini mno. Shimo linataka matimba, yale magogo tunayoegemeza kwenye kuta zake lisituangukie. Miti ya huku imekwisha. Ukitaka gogo la maana unalifuata mbali, na ukifika unakuta mwenzako ameshalikata.

Nafikiri unajua ninakoelekea. Naomba ngitili ya baba, ule msitu wake wa akiba. Najua aliifunga tangu sijazaliwa, hakuna shoka na hakuna mifugo mpaka kiangazi kibane kabisa. Lakini baba amelala, na mti ukikatwa unaota tena. Nipe ruhusa, Luka atakuja na watu.

Halafu Luka ananiambia ulisimama mkutanoni ukamtetea bwana shamba na habari zake za tabianchi. Hapa tumecheka sana. Donatus anasema jua ni lilelile, sisi ndio tumekuwa walaini.

Mwanao,
Ndaki

*

Mwankuba, 19 Oktoba

Ndaki mwanangu, marahaba.

Hapana. Natanguliza jibu usije ukasoma barua yote ukidhani mwishoni nitalegea. Ngitili ya baba yako Bujiku haikatwi nikiwa hai. Hata miti ya huko Segese ilikuwa ikikatwa inaota tena, si ndivyo mlivyokuwa mkisema? Haya, iko wapi?

Kuhusu mkutano, mmecheka kabla ya kusikia habari yenyewe. Bwana shamba alikuja na taarifa ya watu wa hali ya hewa. Akasema mvua za mwaka huu zitachelewa na zitakuwa haba, tuache mahindi tupande mtama. Watu wakamtazama kama muuza sumu ya panya. Mzee mmoja akasema mvua ni ya Mungu na haipangiwi ratiba na serikali. Mwingine akasema ni yule mkandarasi wa barabara, anafukuza mawingu ili lami yake ikauke. Martina, jirani yangu niliyepata naye kipaimara siku moja, akasema ni sketi fupi za wasichana. Kuni hakuna aliyezitaja. Mkaa hakuna aliyeutaja, na magunia ya mkaa yalikuwa yameegemezwa kwenye ukuta uleule tuliokaa kivulini mwake.

Nikasimama. Unanijua, ulimi wangu haukai ndani. Nikawaambia, "Nimesikia hayohayo redioni. Kabla ya Krismasi hamtaona mvua ya maana. Msipopanda mtama mtalia, na mimi mtanikumbuka." Magesa, mtemi wetu wa sungusungu, alicheka mpaka akajifuta machozi. Hata mimi nilicheka. Kisha tukatawanyika kila mtu kwake.

Mimi nimepanda mtama. Goti linauma kama kawaida yake. Kunywa maziwa kwa ajili ya hicho kifua.

Mama yako,
Scolastika

*

Segese, 28 Desemba

Mama, shikamoo.

Unanificha kitu. Luka amerudi hana raha. Anasema alitaka kukununulia chumvi dukani, Boaz akamwuliza ni ya nani, aliposikia jina lako akairudisha kwenye rafu. Anasema alikukuta unatoka kisimani peke yako na wanawake wote wamesimama kando wakisubiri umalize. Ulimwambia ni ugomvi wa kuku. Mama, mimi si mtoto.

Anasema pia kwamba mahindi ya Mwankuba, yaliyoota kwa manyunyu ya Novemba, yote yamekauka yakiwa hayajafika gotini, na kilichopona ni mtama wako tu. Na kwamba mvua ilinyesha mara moja tu mwezi huu, ikanyesha kwenye ngitili na shamba lako, ikafika kwenye kijito ikakoma. Ng'ambo hata vumbi halikulowa.

Nauliza tu, usikasirike. Ulijuaje? Ulisema kabla ya Krismasi mvua ya maana haitaonekana na kweli hawakuiona. Nilipomweleza Donatus akaniuliza mama yako ni mtu wa namna gani. Nikamjibu ni Mkatoliki.

Nijibu ukweli.

Ndaki

*

Mwankuba, 9 Januari

Ndaki,

Nilijuaje? Niliambiwa na redio! Redio ile uliyoninunulia mwenyewe ulipopata dhahabu yako ya kwanza! Bwana shamba alisema maneno yaleyale akapewa soda na kiti chenye mgongo. Nimeyasema mimi, mjane mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, nimekuwa mfunga mvua. Ndiyo kesi yangu hiyo. Sasa umejua.

Mtama ulistahimili kwa sababu ni mtama. Wangepanda hata wao ungestahimili. Na mvua ile ya upande mmoja, tangu nizaliwe inanyesha hivyo, leo kwa fulani, kesho kwa fulani. Hawaoni kwamba siku hizi hata hizo za kubahatisha zimepungua. Kama mimi nimeifunga Mwankuba, nani ameifunga Isaka? Nani ameifunga Tabora? Kamba ndefu hivyo nimeitoa wapi?

Niliyasema hayo mbele ya dagashida, mkutano mkuu, wanaume wote wamekaa na pinde zao. Hakuna aliyecheka safari hii. Wamenitenga. Anayenisalimu anatozwa ng'ombe. Anayenipa moto au chumvi, ng'ombe. Martina akipita hapa anatazama chini kama anatafuta sindano. Nilikuficha kwa sababu nilidhani mvua ingenyesha na aibu ingewarudia wao.

Sasa Magesa amekuja na njia ya kutoka, kama anavyoiita. Nisimame mbele yao, nimwage maji, niseme kwa mdomo wangu kwamba naifungua mvua. Wamenipa mpaka mwezi uandame. Nikikataa, unajua kinachofuata, umekulia hapa. Unamkumbuka yule bibi wa ng'ambo, na asubuhi ile ulikataa uji ukaniuliza kwa nini mlango wake umevunjwa.

Nikikubali na isinyeshe, watasema nimekaidi, watanimaliza. Nikikubali na ikanyesha, basi nimekiri, nitakuwa mchawi mpaka siku ya kuzikwa. Nimegeuza hili jambo kila upande na sioni pa kupita.

Kwa hiyo nakuita. Njoo usimame ubavuni kwangu useme mbele yao: huyu ni mama yangu na hajafunga kitu. Wewe ni mwanamume wa boma hili, watakusikia. Njoo, mwanangu. Naogopa.

Mama yako

*

Segese, 17 Januari

Mama mpendwa, shikamoo.

Nimelia niliposoma. Donatus ni shahidi.

Lakini siwezi kuja. Tumebakiza kidogo kuifikia dhahabu yenyewe. Nikiondoka sasa nafasi yangu duarani inachukuliwa na mtu mwingine, na jasho la miaka linapotea. Halafu fikiria, nije nisimame niseme hujafunga. Wataniuliza kwa nini uliitaja kabla, wataniuliza kuhusu shamba lako na kile kijito. Nitajibu nini? Nitasema redio? Watanicheka, na huenda wakatumaliza wote wawili.

Kubali tu, mama. Maneno hayana gharama. Nimemwuliza mzee mmoja wa hapa anayeyajua mambo haya, anasema huvaliwa nguo nyeusi, na viatu havivaliwi. Nimempa Luka kaniki akuletee. Mzee anasema pia ufanye kwa moyo, siyo kwa kulazimishwa, ndipo itakapokubali.

Ukiifungua, yote yatarudi kama zamani. Watu watakusalimu, nami nitakuja Pasaka tuchinje kuku.

Nakupenda sana. Usininunie.

Ndaki

*

Mwankuba, 3 Februari

Ndaki,

Kaniki ilifika. Nilikaa nayo mapajani kutwa nzima. Nilikuita uje, ukatuma nguo.

Nimefanya. Sikungoja mwezi wao, nilingoja redio. Siku ile waliposema mawingu yanatoka ziwani na mvua kubwa itaanza mikoa yetu, ndiyo siku niliyomwambia Magesa akusanye watu. Nilikwenda pekupeku. Nilimwaga maji ya kibuyu nikasema naifungua mvua ya Mwankuba. Hata watoto walisogea nyuma, na wengi wao mama zao nimewazalisha mimi. Nilihisi kama namzika mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Ilinyesha sijafika nyumbani. Nyuma yangu nikasikia vigelegele. Martina akanikimbilia, akapiga magoti kwenye matope, akanishika miguu. "Wabeja, mayu! Wabeja!" Asante, mama. Ananiita mama, na tumelingana umri. Nilifungua mdomo nimwambie, "Martina, ni redio." Nikaona uso wake unavyong'aa, nikanyamaza. Kwa hilo najilaumu mpaka sasa.

Wananiletea mbuzi. Wananiletea kuni zilizokatwa tayari, na sijauliza zimekatwa wapi. Wananisalimu kwa magoti, kisha hakuna anayeonja chakula changu. Mwanzo walinitenga kwa adhabu, sasa wananitenga kwa heshima, na upweke ni uleule. Bwana shamba alirudi juzi na karatasi zake. Wakamwambia asijisumbue, wana Mama Ndaki.

Umebaki wewe. Sitaki kuku wala nguo. Chukua kalamu uniandikie mstari mmoja tu: Mama, najua hukufanya kitu. Nikiwa na mstari huo nitaweza kuishi na hawa wengine.

Scolastika

*

Segese, 2 Machi

Mama, wabeja sana!

Habari zako zimefika mpaka huku. Luka amesimulia kwenye karasha zote. Mwenye duara, ambaye zamani alikuwa ananipita kama jiwe, sasa ananisalimia yeye kwanza na kuniuliza mama hajambo. Watu wananiita mtoto wa mvua. Nimetembea kifua mbele, mama, sikufichi.

Ule mstari ulioomba, nimeuanza mara nyingi nikauacha. Sisi ni mama na mwana, hatuna haja ya kufichana. Mimi sikuhukumu. Ulikuwa na hasira nao kwa jinsi walivyokucheka, na mimi kwa ngitili nilikukera pia. Mwisho uliwahurumia, na mimi najivunia hilo.

Ila huku imezidi. Inanyesha kama mbingu zimepasuka. Wazee wa hapa wanasema hawajawahi kuona mvua ya hivi, kiangazi kirefu halafu yote ndani ya mwezi mmoja. Tunavuta maji kwa pampu asubuhi mpaka jioni na bado duara linajaa. Donatus anasema tusishuke kabisa mpaka pakauke, maana matimba tuliyopata ni mikaratusi michanga, inapinda. Mwoga huyu. Nimemwambia mama yangu ataizuia upande wetu.

Tupe wiki moja kavu, mayu. Moja tu. Jumatatu nashuka, na moyo wangu umetulia kwa sababu yako.

Mwanao anayejivunia wewe,
Ndaki

*

Mwankuba, 10 Machi

Ndaki,

Luka alikwama Isaka kwa maji, barua yako nimeipata leo na leo ni Jumanne. Nimekimbia kwenye kichuguu cha Boaz nikapiga mpaka chaji ikaisha. Hupatikani.

Kama hujashuka, usishuke. Kama ulishuka ukapanda, usirudi. Sina wiki ya kukupa. Sina hata dakika moja ya kukupa, siizuii, siifungui, sijawahi! Msikilize Donatus. Na njoo nyumbani ukate hiyo ngitili yote, kata mpaka mti wa mwisho, mimi sitasema neno, lakini usiingie kwenye shimo lile kwa ajili yangu.

Luka amekataa hata chai, anageuza gari sasa hivi.

Mama

*

Segese, 11 Machi

Mama Ndaki, shikamoo.

Mimi ni Donatus, mwenzake Ndaki. Hatujaonana lakini amenisimulia habari zako nyingi.

Barua yako imefika, nimeifungua mimi. Nisamehe. Ndaki alishuka Jumatatu. Nilimshika mkono, akacheka, akasema mvua haitanyesha, ameshamwambia mama. Ikaanza mchana. Matimba ya upande wa kulia yakaachia, udongo ukaziba njia, na maji yakafuata.

Yu hai, mama. Anagonga mwamba kwa nyundo, tunamsikia. Amepata sehemu ya juu yenye hewa. Tunavuta maji kwa pampu zote za machimbo, lakini tukivuta kidogo mvua inajaza tena. Kukipatikana kutwa moja tu kavu tunamfikia.

Mimi mambo haya sikuwa nayaamini. Umeandika kwamba huizuii, na mimi mwanzo ningekusadiki. Lakini nimesimama mdomoni mwa shimo nikimsikia anagonga, na sijui tena ninaamini nini. Wengine hapa wanasema mabaya, kwamba umemtoa mwanao kafara ili nguvu zako zikue. Nimepigana na mmoja wao. Nasema mama hawezi kufanya hivyo.

Nakuomba kwa magoti. Kama kuna neno unalijua, liseme. Funga mvua. Au panda gari la Luka uje uifunge ukiwa hapa.

Donatus

*

Mwankuba, 12 Machi

Donatus mwanangu,

Nilijifunga kanga nikapanda kwa Luka kabla hajazima gari. Magesa na vijana wake walitusimamisha njiani na mishale yao. Hawaniruhusu kutoka. Mahindi waliyopanda Februari ndiyo kwanza yanafika gotini, wanasema nikiondoka naondoka na mvua yao. Nimewaambia mwanangu yuko chini ya ardhi. Wakasikitika kweli, Martina alilia kwa sauti. Kisha wakanirudisha nyumbani kwa heshima zote, wamekaa mlangoni wananilinda. Nimewaambia ni redio. Nimeapa kwa jina la Mungu kwamba ni redio. Wamenijibu, "Ndiyo, mayu."

Luka wamemruhusu apite, ndiye atakayekupa karatasi hii.

Redio inasema itaendelea kunyesha. Najua inavyosema na najua haikosei sana. Hata hivyo nimetoka uani nikasimama kwenye mvua nikaiambia ikome. Nimeiamuru, nimeibembeleza, nimeitukana matusi ambayo sijawahi kuyatamka. Majirani wamechungulia wakaniona, na kuanzia leo watasimulia kwamba walimwona kwa macho yao Mama Ndaki akifunga mvua. Waache wasimulie. Ningefanya mbele ya nchi nzima.

Haijakoma.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo ninaloliweza. Pampu zisizimwe. Na wewe inama mdomoni mwa shimo, pale unapomsikia akigonga, umwite kwa jina lake, umwambie kwa sauti kubwa kwamba mama yake ameifunga. Mwambie huku juu kumeanza kukauka. Mwambie mara nyingi, wala sauti yako isitetemeke. Atakuamini wewe, na mimi ataniamini zaidi. Aamini tu, Donatus, aendelee kugonga.

Mama Ndaki